Kitenzi Katechō: Kushika, Kuzuia, au Kufungia?

Kila mara wanafunzi wetu wanapofika katika sura ya pili ya Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, aya ya 6 na ya 7, swali huwa ni lile lile: ni nani huyo azuiaye? Nasi tulio walimu tumezoea kujibu kwa kuorodhesha majina: Dola ya Rumi, Roho Mtakatifu, mahubiri ya Injili, malaika Mikaeli, mtume Paulo mwenyewe. Mwanafunzi huandika orodha hiyo katika daftari, huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hupelekwa usharikani. Katika makala hii tunakusudia kulichukua swali jingine, ambalo kwa maoni yetu lilipaswa kutangulia: kitenzi chenyewe kina maana gani, kimetoka wapi, na Biblia zetu za Kiswahili zimekitendeaje?

Hatukuongozwa na hamu ya elimu peke yake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, ambao wengi wao walikufa kwa njaa wakiamini kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumlaki Kristo kabla ya mwisho wa dunia. Kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea kwa moto huko Kanungu, nchini Uganda, katika kundi lililokuwa likitazamia siku ya mwisho. Waraka huu wa Pili kwa Wathesalonike uliandikwa kwa watu wa namna hiyo hasa: watu waliotikiswa akili kwa kuambiwa kwamba Siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Kitenzi chetu ni sehemu ya dawa ambayo mwandishi aliwapa. Daktari asiyejua maana ya neno lililoandikwa juu ya chupa hawezi kusifiwa kwa sababu tu anakumbuka majina ya madaktari waliomtangulia.

Kitenzi hicho ni katechō. Kimeundwa kwa sehemu mbili: kata, yaani kuelekea chini, na mara nyingi pia kwa ukamilifu au kwa nguvu, na echō, yaani kuwa na kitu, kukishika. Hicho echō nacho kina ukoo mrefu. Wataalamu wa lugha za Kihindi na Kizungu wamekwisha kuonyesha kwamba shina lake la kale lilianza kwa sauti ya s, nayo sauti hiyo ingali yaonekana katika umbo la wakati uliopita, eschon. Shina hilo ndilo lililozaa kitenzi cha Kisanskriti sahate, kushinda, na neno la Kijerumani Sieg, ushindi. Basi kushika kwa Kiyunani, tangu asili yake, si kushika kwa mkono uliolegea. Ni kushika kwa aliye na nguvu kuliko kile anachokishika. Jina la Hektor, shujaa wa Troya, hutokana na shina hilo, na Plato katika maongezi yake yaitwayo Kratylos alikwisha kulieleza jina hilo kuwa ni la mtu ashikaye na kumiliki.

Katika ukoo huo limo pia neno scholē, ambalo maana yake ya kwanza ni kujizuia na kazi, yaani nafasi ya kupumua. Kutoka nafasi hiyo likawa ni wakati wa mazungumzo na mafunzo, Warumi wakalichukua kuwa schola, Wajerumani wakalifanya Schule, nao wakatuachia sisi neno shule. Wamisionari waliojenga shule za kwanza za Kilutheri katika nchi hizi huenda hawakufikiri kwamba juu ya kila mlango wameandika neno la jamaa ya kuzuia. Wanafunzi wetu, wanapongojea kengele ya mwisho, wanalijua jambo hilo bila kufundishwa.

Tukirudi kwenye hoja, yatupasa kwanza kuitazama Tafsiri ya Sabini, yaani Agano la Kale la Kiyunani, kwa maana hiyo ndiyo Biblia waliyoisoma mitume na makutaniko yao. Hapo tunakuta jambo la kufaa sana. Katika Mwanzo 22:13 yule kondoo mume aliyenaswa kwa pembe zake katika kichaka anaelezwa kwa kitenzi hiki, na nyuma yake kuna neno la Kiebrania ahaz, kushika. Katika Mwanzo 24:56 mtumishi wa Ibrahimu anawasihi jamaa ya Rebeka wasimkawize, na nyuma ya kitenzi kile kile kuna neno la Kiebrania lenye shina ahar, kuchelewa. Tena katika Mwanzo 39:20 wafungwa wa mfalme, na katika Mwanzo 42:19 yule ndugu mmoja atakayebaki gerezani Misri, wote wanaelezwa kwa katechō, na Kiebrania chake ni asar, kufunga. Kushika, kukawiza, kufunga: katika kitabu kimoja cha Biblia kitenzi kimoja cha Kiyunani kimebeba mizigo mitatu ya Kiebrania bila kulalamika.

Nje ya Biblia kuna mzigo wa nne. Plato, katika maongezi ya Ion, anawaita washairi watu walioshikwa, yaani walioingiliwa na nguvu ya mungu hata wakanena yasiyo yao. Na katika hekalu la Serapis huko Memfisi, katika karne ya pili kabla ya Kristo, walikuwako watu walioitwa katochoi, waliokaa ndani ya uzio wa hekalu kwa sababu mungu, kwa imani yao, amewashika na hawezi kuwaachia. Barua na malalamiko ya mmoja wao, Ptolemaios mwana wa Glaukias, yamehifadhiwa katika mafunjo hata leo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa, maana sisi nasi twasema kwamba mtu ameshikwa na pepo, kama tusemavyo kwamba ameshikwa na homa. Ni ajabu kwamba Yohana 5:4, aya ambayo haimo katika nakala za kale zilizo bora, hutumia kitenzi hiki hiki kwa ajili ya ugonjwa uliomshika mtu.

Hapa ndipo tunapoanza kuona kwamba Kiswahili kilikuwa na bahati ambayo Kiingereza na Kijerumani hazikuwa nayo. Katika matini ya Kiyunani itumiwayo na wachunguzi wa siku hizi, katechō hutokea mara 17 katika Agano Jipya. Tulijaribu kuzipitia zote 17 tukiwa na kitenzi kimoja tu mkononi, yaani kushika. Udongo mzuri wa Luka 8:15 hulishika neno. Mgeni mwenye aibu wa Luka 14:9 huenda kushika nafasi ya nyuma. Mabaharia wa Matendo 27:40, waliokwisha kukata nanga, hushika njia ya pwani, nasi twajua kwamba katika Kiyunani cha mabaharia kitenzi hiki kilikuwa ni neno la kuelekeza chombo. Wakorintho huyashika mapokeo, Waebrania hulishika ungamo, Wathesalonike huambiwa walishike lililo jema. Hata 1 Wakorintho 7:30 na 2 Wakorintho 6:10, mahali ambapo maana yake ni kuwa na mali, zaweza kusemwa kwa kushika bila kuuvunja Kiswahili. Katika hizo 17, ni chache tu zilizotukatalia: Luka 4:42, makutano walipotaka Yesu asiondoke, Filemoni 13, ambayo tutairudia, Warumi 1:18 na 7:6, na aya zetu mbili za Wathesalonike. Huko kushika peke yake hakutoshi, kwa sababu kinachoshikwa kina mwendo wake, na kushika huko ni kushindana na mwendo huo.

Kwa hiyo wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952, hawakukosa walipochagua kuzuia katika 2 Wathesalonike 2. Tena yafaa wasifiwe kwa jambo ambalo wengi wamelipita bila kuliona. Kiyunani kina umbo mawili hapo. Aya ya 6 ina to katechon, jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, kana kwamba ni kitu au jambo. Aya ya 7 ina ho katechōn, jinsi ya kiume, kana kwamba ni mtu. Lugha nyingi za Ulaya hulazimika kuongeza maneno ili kuonyesha tofauti hiyo. Kiswahili kiliionyesha kwa herufi za ngeli tu: lizuialo, azuiaye. Neno lizuialo lamwacha msomaji na jambo, neno, tukio. Azuiaye lamkabidhi nafsi. Zaidi ya hayo, maneno yote mawili hayana yambwa, kama vile Kiyunani kisivyo na yambwa. Mwandishi hakusema kwamba kinachozuiwa ni nani. Wafasiri wa 1952 waliuheshimu ukimya huo. Tafsiri zilizofuata, zikitafuta Kiswahili chepesi, zimeelekea kuingiza kiambishi cha yambwa, hata ikawa kwamba anayezuiliwa ni yule Mwovu bila shaka yoyote. Huenda ndivyo. Lakini huenda pia kinachozuiliwa ni Siku yenyewe, au ni siri ya kuasi, na mfasiri aliyeweka herufi moja ya m amekwisha kuamua shauri ambalo Kanisa halijaliamua kwa karne 19.

Sifa hizo hazituzuii kusema palipo na kasoro. Mwisho wa aya ya 7 Union Version hutumia tendo la kutendwa, kwamba azuiaye ataondolewa. Kiyunani hakina kutendwa hapo. Maneno ek mesou genētai maana yake ni awe ametoka katikati, asiwepo tena hapo. Plutarko hutumia maneno kama hayo katika maisha ya Timoleoni, aliyejitenga na mambo ya watu kwa hiari yake mwenyewe baada ya kifo cha ndugu yake. Hakuondolewa na mtu. Tofauti hii si ndogo. Mahubiri mengi tuyasikiayo redioni na kuyasoma katika vijitabu hutegemea wazo la kwamba azuiaye ni Roho Mtakatifu ndani ya Kanisa, naye ataondolewa duniani pamoja na Kanisa siku ya kunyakuliwa, ndipo dunia iachwe mikononi mwa Mpinga Kristo. Fundisho hilo lilienea sana kwa njia ya Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1909. Msomaji wa Kiswahili akisoma kwamba azuiaye ataondolewa, hulikuta fundisho hilo limekwisha kutengenezewa kiti. Akisoma kwamba atakuwa hayupo tena katikati, hulazimika kuuliza zaidi. Nasi tunaona ni neno gumu kusema juu ya Roho, ambaye Bwana alituahidi kuwa nasi hata milele, kwamba atatoka katikati.

Tuziangalie basi zile jibu za wazee, si kwa kuzihesabu bali kwa kuzipima kwa kitenzi chenyewe.

Jibu la kale na lenye nguvu kuliko yote ni Dola ya Rumi. Tertuliano, mwishoni mwa karne ya pili, anawaeleza Warumi kwamba Wakristo humwombea kaisari kwa sababu dola yake ndiyo inayouahirisha mwisho wa dunia wenye kutisha. Tukumbuke kwamba aliyasema hayo mtu wa Kanisa lililokuwa likiteswa na dola hiyo hiyo. Yohana Krisostomo, karibu miaka 200 baadaye, alikwisha kujua kwamba wengine husema ni neema ya Roho. Yeye akashika dola, kwa hoja ya kwamba kama Paulo angemaanisha Roho angesema waziwazi, bali kuhusu kuanguka kwa dola alikuwa na sababu ya kusema kwa mafumbo. Hoja hiyo ni ya mtu aliyewahi kukaa karibu na jumba la kaisari. Martin Luther, katika dibaji fupi aliyouandikia waraka huu mwaka 1522, bado anasema kwamba dola ya Rumi lazima ipite kwanza. Lakini dola ya magharibi ilianguka mwaka 476, Konstantinopoli ikatwaliwa mwaka 1453, na ile iliyojiita Dola Takatifu ya Rumi katika Ujerumani ikavunjwa mwaka 1806, na mwisho haukuja. Kila ilipoanguka, wafafanuzi walitafuta dola nyingine ya kuvishwa vazi lile.

Hatari ya vazi hilo ilionekana wazi katika karne ya 20. Carl Schmitt, mwanasheria Mjerumani aliyejiunga na chama cha Hitler mwaka 1933, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1950 juu ya sheria ya mataifa kwamba wazo la katechon ndilo daraja pekee liwezalo kuunganisha imani ya mwisho wa nyakati na historia ya watawala wa Kikristo. Mtu akifuata njia hiyo, kila serikali yenye polisi wa kutosha yaweza kujiita yenyewe azuiaye, na kila anayeipinga akaitwa mtu wa kuasi. Dietrich Bonhoeffer naye alilitumia neno hilo katika maandiko yake juu ya maadili, aliyoyaanza mwaka 1940. Yeye pia alisema kwamba nguvu ya utaratibu wa dola huzuia dunia isiangukie shimoni. Ila aliongeza kwamba anayezuia si Mungu, wala hana usafi wa kutokuwa na hatia, na kwamba wokovu hautoki kwake. Aliyeandika hayo aliuawa kwa amri ya dola yake tarehe 9 Aprili 1945 huko Flossenbürg. Wale wawili walisoma neno moja, katika lugha moja, na katika Kanisa la nchi moja kila mmoja alilipokea kwa namna yake. Hatuna budi kusema kwamba kitenzi chenyewe kinampa Bonhoeffer haki zaidi. Anayeshika chini kitu chenye nguvu hakiponyi kitu hicho. Anakishika tu.

Oscar Cullmann, mwaka 1936, alipendekeza kwamba lizuialo ni mahubiri ya Injili kwa mataifa yote, na azuiaye ni mtume mwenyewe. Johannes Munck akamfuata. Kalvini alikwisha kuwa na wazo la karibu na hilo. Tunalipenda wazo hilo kama wahubiri, nalo ndilo sababu yetu kulihofu kidogo, maana kila mtu hupenda kusikia kwamba kazi yake ndiyo inayoishikilia dunia. Tena, kama barua hii haikuandikwa na Paulo, kama walivyosema wengi tangu William Wrede mwaka 1903, jibu hilo hupoteza mguu wake mmoja. August Strobel, mwaka 1961, aliona hapa mapokeo ya Habakuki 2:3, juu ya njozi inayoonekana kukawia, na kwa maoni yake anayekawiza ni Mungu mwenyewe. Kwa upande wa maana, Mwanzo 24:56 yamsaidia, kwa kuwa shina la Kiebrania katika aya zote mbili ni lile lile ahar. Kwa upande wa maneno hana msaada huo, maana Tafsiri ya Sabini katika Habakuki hutumia kitenzi kingine kabisa. Charles Giblin, mwaka 1967, aliugeuza mlango upande wa pili: ashikaye si rafiki bali adui, ni roho ya uongo inayoshika watu kama walivyoshikwa wale wa mahekaluni. Wazo hilo lina uzito kwa mtu aliyeona watu walioshikwa na unabii wa uongo, lakini halielezi kwa nini ashikaye asipokuwapo ndipo mambo yanazidi kuwa mabaya.

Agostino, katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu, baada ya kuzipitia dhana za watu wa wakati wake, alikiri kwamba hajui kabisa mtume alimaanisha nini. Wathesalonike walijua, kwa sababu waliambiwa kwa mdomo. Sisi hatukuwapo. Kinachobaki kwetu ni kile ambacho kitenzi chenyewe chasema bila kutaja jina: wakati huu umeshikwa. Haukuachwa ukimbie, wala haukimbizwi na mtu yeyote kwa kufunga, kwa kuuza shamba, wala kwa kuingia msituni. Waliokufa Shakahola walifundishwa kwamba wanaweza kuiendea Siku ile kwa miguu yao wenyewe. Mwandishi wa waraka alilichagua neno lenye maana ya breki.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tuandike. Katechō hiyo hiyo imo katika Warumi 1:18, katika maneno juu ya ghadhabu ya Mungu na watu wanaoitendea kweli vibaya. Union Version hapo iliacha kuzuia ikachukua kupinga, nayo Warumi 7:6 ikatendewa hivyo hivyo. Luther hakufanya hivyo. Katika Biblia yake ya mwaka 1545 alitumia aufhalten katika Warumi 1:18 na katika aya zote mbili za Wathesalonike. Mkristo Mjerumani wa karne ya 16, aliyesikia nyaraka zote mbili zikisomwa kanisani, aliweza kusikia kwamba kuna kuzuia kunakouchelewesha uovu na kuna kuzuia kunakoichelewesha kweli, na kwamba neno ni moja. Mkristo wa Kiswahili hakupewa nafasi hiyo.

Wengine watasema kwamba tofauti ya kupinga na kuzuia ni ya walimu tu. Hatukubali. Anayepinga kweli hutoka mbele yake na kubishana nayo. Huenda hata haijui. Anayeizuia kweli ni sharti awe nayo kwanza. Hiyo ndiyo hoja yote ya Warumi 1, kwa kuwa aya inayofuata yasema kwamba mambo ya Mungu yamekuwa wazi kwao. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 walitumia hapo neno lao la kushika, tena wakaandika kwamba kweli hiyo hushikwa katika udhalimu, na mara nyingine ukale wao wafaa kuliko upya wetu. Kwa Kiswahili tungependekeza kuifungia: watu waifungiao kweli kwa uovu. Hapo msomaji ataona gereza la Misri la Mwanzo 39, na ataona ufunguo uko mkononi mwa nani.

Tuliwahi kuketi katika baraza la wazee la usharika mmoja, miaka mingi iliyopita, wakati taarifa ya ukaguzi wa hesabu ilipoletwa. Fedha za ujenzi zilikuwa zimepungua, na taarifa ilieleza kwa kurasa na tarehe. Hakuna aliyeipinga. Hakuna aliyesema kwamba mkaguzi amekosea. Ilisomwa, mwenyekiti akashukuru, ikaombewa, kisha ikakubaliwa kwamba isisomwe mbele ya washarika hadi baada ya mavuno, ili watu wasivunjike moyo. Ilitiwa kabatini. Mavuno yalipita mara mbili. Sisi tulikuwa miongoni mwa walionyosha mkono, na wakati ule tulikuwa tumekwisha kuihubiri Warumi 1 mara kadhaa, tukiwaonya wapinzani wa kweli, ambao tuliwaona wote wakiwa nje ya Kanisa. Biblia tuliyokuwa nayo haikutusaidia kujiona. Hatusemi kwamba neno moja lingetuokoa na woga wetu. Twasema tu kwamba lingetunyima mahali pa kujificha.

Kwa hiyo tungewaomba wale watakaopewa kazi ya kuzipitia upya tafsiri zetu wafanye mambo mawili. Kwanza, lizuialo na azuiaye viachwe kama vilivyo, bila yambwa, pamoja na maelezo chini ya ukurasa kwamba Kiyunani chaweza kuwa pia kushika au kukawiza. Na maneno ya kuondolewa yarekebishwe yawe ya kutoka katikati. Pili, Warumi 1:18 irudishwe katika jamaa ya kuzuia, ama kwa kuzuia chenyewe ama kwa kufungia, ili wasomaji wa Paulo waruhusiwe kusikia mlio mmoja katika vinywa viwili. Walimu wa chuo nao wasingoje chapa mpya. Mwanafunzi apewe zile aya 17 siku ya kwanza, na orodha ya majina siku ya mwisho, kama muda utabaki.

Imebaki Filemoni 13. Paulo yuko kifungoni, na Onesimo, mtumwa aliyetoroka, amekuwa mwanawe na msaada wake. Hapo mtume anasema kwamba alitaka amshike huyo kwake, na kitenzi ni katechein, kile kile cha Wathesalonike na cha Warumi. Union Version husema tu akae, na kwa njia hiyo nguvu ya maneno imepotea, kwani kukaa ni kwa Onesimo na kuzuia ni kwa Paulo. Kiyunani kimetia hamu hiyo katika wakati uliopita usiokamilika: alikuwa akitaka, akiendelea kutaka. Aliye mfungwa alitamani kuwa mfungaji, kwa sababu njema kabisa, yaani Injili. Kisha, katika aya ya 14, anasema kwamba hakutaka kufanya lolote bila shauri la Filemoni, akamwachilia aende zake na barua mkononi.